Landrova ya marehemu baba: madau ya mnada wa mtandaoni niyachukulie vipi?

Mwana_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Baba ametuachia Land Rover Series III ya 1974, ile ndefu ya inchi 109 kati ya tairi za mbele na za nyuma, petroli ya 2,286 cc. Ipo uani hapa Nyegezi, Mwanza, mwaka wa nne haijatembea. Jana kaja dalali anataka tumpe kwa milioni nane. Mdogo wangu akanionyesha kwenye simu mnada wa Uingereza, gari la mwaka huo huo, dau limefika pauni 14,000. Usingizi ukakata. Tunapunjwa, au mimi ndiye sielewi haya madau? Mama kaniachia uamuzi.

Gereji_Igogo
Pole na msiba, mkuu. Huo mnada ulikuwa umefungwa, au mliukuta katikati? Muuzaji anaweza kuweka bei yake ya chini ambayo wanunuzi hawaioni. Dau lisipoifikia, gari linarudi kwake. Kwa hiyo hizo 14,000 huenda ni pesa ambayo mwenyewe kaikataa, au ni mwanzo tu, maana wanunuzi wengi hujificha mpaka dakika za mwisho. Tena wakikutana watu wawili wenye uchu na gari moja, bei inapaa bila sababu. Tafuta minada kama kumi iliyokwisha, Series III ndefu tupu, pamoja na ile ambayo gari halikuuzwa.

Bi_Mabatini
Mwanangu, soma na picha za chini ya gari. Bodi ya Landrova ni alumini, inaweza kung'aa huku chesisi ya chuma, yaani fremu ya chini inayobeba gari, imeshaliwa na kutu. Kule wengi wameshafunga chesisi mpya iliyopakwa zinki, na mnunuzi analipia hiyo. Isitoshe, kwao gari likipita miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara. Faida hiyo wewe wa Mwanza huna wa kumuuzia. Ukitaka kumpelekea Mzungu, toa kwanza nauli ya zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar, kisha meli.

Leo hii chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chesisi yote. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinafanya "pu" na kumwaga vumbi jekundu.

Gereji_Igogo
Na injini, ni yake? Nyingi hapa zilishafungwa dizeli ya Kijapani. Kazini ni nzuri, ila mkusanyaji wa magari ya zamani anashusha bei papo hapo. Linganisha namba na kadi.

Mwana_Nyegezi
Nimetoka uvunguni sasa hivi. Namba zote zinafanana na kadi, baba hakuwahi kubadili injini. Chesisi inalia vizuri isipokuwa boriti ya nyuma upande wa kushoto, nyundo imezama. Dalali nimemwambia asubiri. Je, hiyo boriti niichomelee kabla ya kuuza?

Bi_Mabatini
Usiiguse. Mnunuzi anayejua atataka kuona kutu ilipoishia, na kiraka kipya kitamtia shaka. Ipige picha ilivyo, uziweke hapa.