Ziara ya siku moja kwenye mahandaki ya Cu Chi

Swali: Ndugu zangu, mama yangu, ambaye magoti humsumbua, anatamani kuyaona mahandaki ya Cu Chi nchini Vietnam, zile njia za chini ya ardhi walimojificha wapiganaji wa Kivietnam wakati wa vita na Marekani. Je, inafaa tukodi mwongozaji wetu wenyewe kutoka Ho Chi Minh City?

Jibu: Inafaa sana, kwani mtakwenda kwa mwendo wa mama, na mnaweza kuomba kupelekwa Ben Duoc, mojawapo ya sehemu mbili za mahandaki hayo zinazopokea wageni, ambako ni mbali kuliko sehemu ya pili, Ben Dinh, lakini watalii ni wachache.

Jibu: Si lazima mama aingie chini. Mimi nilitambaa humo mabega yakigusa udongo, ingawa njia hiyo ilipanuliwa kwa ajili ya wageni. Akiwa juu ataonyeshwa jinsi moshi wa majiko ulivyotawanywa ardhini ili ndege za Marekani zisiuone, kisha ataonja muhogo wa kuchemsha, chakula cha wapiganaji.

Muulizaji: Ahsanteni, tutakwenda Ben Duoc, asubuhi na mapema.