Mjadala: Sanamu ya Askari isuguliwe ing'ae, au iachwe na weusi wake?

Mzawa_Ilala (mleta mada): Wakuu, sanamu ya Askari pale makutano ya mitaa ya Samora na Azikiwe, Dar es Salaam, ipo tangu 1927. Shaba nyeusi, imesubiwa Uingereza, halafu leo kunguru wameigeuza choo. Kwa nini isisuguliwe ikang'aa? Vijana wanne na Braso ya kung'arishia, siku moja kazi imekwisha.

Shangazi_Tabata: Thubutu! Ule weusi wenye kijani ni utando ambao shaba inajitengenezea yenyewe, na ukitulia unaikinga. Braso ina unga wa kusugulia na amonia. Kila ukisugua unaondoka na shaba yenyewe: mikunjo ya nguo, vifungo, mpaka pua. Sanamu ya Uhuru ya New York ilifanyiwa ukarabati mkubwa ukaisha 1986, na kijani chake waliacha.

Dogo_Mburahati: Shangazi, shaba za huku pwani zinatoa unga wa kijani mpauko, ukigusa unabaki kidoleni. Na huo ni kinga?

Shangazi_Tabata: Huo ni ugonjwa, mwanangu. Kloridi ya chumvi ya bahari inajificha ndani ya vishimo vya shaba, ikipata unyevu na hewa inakula, inatema unga, halafu inaanza upya. Na bandari ipo pale pale. Kinyesi cha ndege nacho kina asidi. Kazi yenyewe ni kuosha kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni laini, kukausha, kupasha shaba joto kidogo na kupaka nta, na nta irudiwe kama kila mwaka. Ila wasipewe mafundi wa Mwenge, wale wachonga vinyago, watampaka kiwi ya viatu kama wanavyopaka mti mweupe wakawauzia watalii kuwa mpingo.

Mchonga_Mpingo: Hapo kwenye Mwenge umenigusa pabaya. Baba yangu kachonga pale hadi mgongo umepinda. Kiwi imeingiaje kwenye mada ya shaba?

Mzawa_Ilala: Turudi kwenye mada wakuu. Halafu kwani si Wajerumani walioiweka?

Dogo_Mburahati: Ya Mjerumani ilikuwa ya Wissmann, gavana wao wa zamani, ilisimama hapa hapa Dar. Mwingereza alipoingia 1916 akaiondoa, baadaye ikaenda kusimama Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha 1968 kama sikosei.

Kaka_Kigamboni: Safi sana hao. Na huyu Askari alimpigania mfalme wa nani? Acheni chumvi imle.

Dogo_Mburahati: Waliokufa Vita Kuu ya Kwanza ni babu zetu, kaka, pamoja na wapagazi. Mfalme hayupo pale juu.

Mchonga_Mpingo: Shangazi hajanijibu. Kasema tiba ni nta. Kiwi ni nini kama si nta? Kwa hiyo fundi wa Mwenge anajua kazi kuliko hao wenye Braso!

Shangazi_Tabata: Kiwi ni nta pamoja na rangi na dawa ya kuyeyushia. Hata nta safi ya nyuki wahifadhi wanaikwepa kwenye shaba, maana ina asidi yake. Wanatumia nta inayotokana na mafuta ya petroli, chembe zake ndogo sana. Na sijasema Mwenge wote.

Mchonga_Mpingo: Umesema "mafundi wa Mwenge". Huko ni wote. Una kinyago nyumbani? Kitumbukize kwenye ndoo ya maji. Mpingo unazama.

Shangazi_Tabata: Nikiloweshe mti ukaukie juani upasuke? Wewe ni mchongaji kweli?

Kaka_Kigamboni: Anaogopa jibu 😂

Mchonga_Mpingo: Basi geuza, kwangua kidogo kwa kisu chini ya kitako, pale kwenye moyo wa mti. Usikwangue pembeni, mpingo una tabaka jeupe chini ya gamba, usije hapa kupiga kelele ni kiwi.

Mzawa_Ilala: Kunguru je? Hakuna anayejibu la kunguru?

Shangazi_Tabata: Nimekwangua. Kweusi mpaka ndani. Haya hongera, Mwenge mna fundi mmoja mwaminifu.

Mchonga_Mpingo: MMOJA?