Naomba ushauri: mafuta ya kwenye uboho yanaweza kupotosha kipimo cha mifupa cha mama?

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Ujiji, Kigoma. Mama yangu, miaka 67, aliteleza uani na ndoo ya maji akavunjika kifundo cha mkono. Mkono umeunga, lakini daktari akasema kuanguka kudogo namna ile hakupaswi kuvunja mfupa, apimwe uzito wa madini ya mifupa. Akapanda treni hadi Dar kwa dada.

Kule wakampima uti wa mgongo kwa siti skani. Majibu: miligramu 76 kwa kila sentimita ya ujazo. Chini ya 80 huhesabiwa kuwa osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi), kwa hiyo amepita mstari kidogo tu.

Sasa binamu yangu, fundi wa eksirei, kanivuruga kichwa. Anasema umri ukisogea, uboho mwekundu hugeuka wa njano, yaani mafuta, na mafuta huzuia mionzi kidogo sana. Siti skani ya nishati moja (inayopiga mionzi ya kiwango kimoja tu cha nishati) huyachanganya mafuta na mfupa, namba inasoma chini kuliko hali halisi. Ya nishati mbili hurekebisha hilo. DEXA, kile kipimo kingine cha mifupa cha eksirei ya kawaida ya nishati mbili, nayo huathirika, ila kidogo.

Madaktari mliopo, kwa 76 hiyo tofauti inaweza kumtoa mama kwenye ugonjwa? Tutafute DEXA kwanza, au mkono uliovunjika unatosha kuanza dawa? Nauli si tatizo kubwa, mgongo wake kukaa kwenye behewa ndiyo shida.