Mrejesho: Fildi imeisha, nimerudi Mlimani kumaliza mwaka wa nne

Wakuu, niliwauliza kama niahirishe mwaka wa mwisho wa uhandisi ujenzi, maana mkandarasi niliyefanya kwake fildi Kigamboni alitaka nibaki saiti. Wengi mlisema rudi chuo. Nimerudi.

Kilichoniamua ni fomeni wetu, mtu mzima. Siku ya kumwaga slabu, lori la zege lilikwama kwenye foleni, likafika zege limeanza kukaza. Dereva akataka kuongeza maji. Fomeni akamzuia, maana maji yakizidi nguvu ya zege inashuka. Tukajaza ile koni ya milimita 300, tukapima slampu, yaani ulaini wa zege, likaonekana halifai, lori likageuzwa. Baadaye akaniambia, "Dogo, haya yote nayajua, ila sahihi yangu hawaitaki. Kaitafute ya kwako."

Nikanyoosha mikono.

Mradi wangu wa mwisho utahusu hilohilo: zege linalochelewa njiani kwenye joto la Dar. Nitatengeneza vipande vya zege vya mchemraba, milimita 150 kila upande, nivivunje siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu yake.

Mkandarasi hajanuna, kasema nikimaliza nimtafute. Posho ya mwisho bado namdai, ila hiyo ni mada nyingine.