Naomba ushauri: chumvi ya mawe kwa mgonjwa anayetumia dawa ya thairoidi

Ndugu zangu, salaam. Mama yangu mzazi anatumia levothairoksini kwa sababu tezi yake ya thairoidi imepungukiwa nguvu. Humeza kidonge alfajiri kwa maji matupu, kisha husubiri karibu saa nzima kabla ya kunywa chai. Kwa kuwa bado analalamikia uchovu, na kizunguzungu humshika anapoinuka kitandani, jirani amemshauri akoroge nusu kijiko cha chumvi ya mawe yenye rangi ya waridi itokayo Pakistani katika maji ya uvuguvugu kila asubuhi, akisema kwamba madini yake huimarisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Nina wasiwasi mkubwa, maana mama ana presha, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ikiwemo ya kwenye mboga. Tena chumvi hiyo kwa kawaida haiongezwi madini joto. Ninavyofahamu, adrenali zilizoshindwa kazi hutibiwa kwa homoni, si kwa chumvi peke yake. Je, tumwombe daktari kipimo cha asubuhi cha kotisoli (homoni itolewayo na adrenali) kwanza? Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa namna hii, naomba anieleze alielekezwa nini hospitalini.