Singe ya Kijerumani yenye maandishi "Kondoa-Irangi 1916": ya kweli au ya kuchongwa juzi?

AreaC
Wakuu, habari za jioni. Kuna muuzaji pale mnada wa Msalato ana singe ya Kijerumani (kisu cha kuchomeka mbele ya bunduki), bapa kama sm 37, linapanuka kuelekea ncha. Ubavuni imechongwa kwa zile herufi za Kijerumani cha zamani: "Deutsch-Ostafrika (yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), Kondoa-Irangi 10.5.1916". Mgongoni kuna taji, W na 17. Anasema imefukuliwa Kondoa. Ingekuwa tupu angeuza laki mbili, kwa maandishi hayo anataka laki nane. Niangalie nini kabla sijatoa hela?

Fundi_Sabasaba
Tafuta lenzi ya mara 10, ile ya masonara, na tochi ya simu. Ilaze tochi karibu sambamba na bapa ili mwanga upite kwa ubavu. Utaona mikwaruzo mirefu ya kuchomoa na kurudisha alani. Herufi ya zamani imekwaruzwa pamoja na bapa, kingo zake zimelika. Ukikuta herufi imekata mkwaruzo katikati na kingo bado kali, herufi ndiyo iliyokuja baadaye.

Halafu chungulia ndani ya mfereji. Patasi ya mkono huacha umbo la V, kina kikibadilika kwenye kona. Mashine ndogo ya kuzunguka huacha sakafu ya mviringo yenye vimawimbi, na mwisho wa mstari huteleza. Tindikali, iliyotumika sana kwenye singe za gwaride zenye "Zur Erinnerung an meine Dienstzeit" (kumbukumbu ya utumishi wangu jeshini), haikati mfereji, inaacha sakafu ya kijivu isiyo na kina.

Weusi ndani ya herufi usiuamini hata kidogo. Chovya pamba kwenye asetoni, izungushe kwenye kijiti cha meno, pitisha. Rangi ya viatu na masizi hutoka, kutu ya miaka haitoki. Stilwaya marufuku, inafuta ushahidi wote.

Mrangi86
Mimi ningeanza na herufi s. Kwenye mwandiko ule, s ya katikati ya neno kwa kawaida ni ndefu, kama f isiyo na kijiti kamili: Deutſch-Oſtafrika. Ile fupi ni ya mwisho wa neno au silabi. Mghushi anayechukua herufi kwenye kompyuta huweka fupi kila mahali.

Tarehe iko sawa, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia wanajeshi wa van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, pale Kondoa usiku wa kuamkia 10 Mei 1916. Lakini hiyo iko vitabuni, haithibitishi kitu.

AreaC
Nimekuza picha, s zote ni fupi. Na ile 17?

Fundi_Sabasaba
Basi imeisha. Taji na W ni Wilhelm, mfalme wa Wajerumani, 17 ni mwaka ilipopokelewa jeshini: 1917. Siku ya mapigano singe hii haikuwepo bado. Na ingefikaje? Meli ya mwisho ya shehena ya Wajerumani, Marie, ilitia nanga Sudi, pwani ya Lindi, Machi 1916, na ndege-puto L 59 iliyowaletea shehena Novemba 1917 iligeuzia Sudan bila kufika. Labda mtu aliichonga Ujerumani baadaye kwa kumbukumbu, ila hapo habari ya kufukuliwa Kondoa inakufa.

Chuma chenyewe kinaweza kuwa halali kwa laki mbili. Hakikisha tu hiyo 17 imegongwa: chuma kilichogongwa muhuri huvimba kidogo kandokando ya alama, ukipitisha ukucha unausikia.