Mrejesho: divai za Armenia kwenye mlo wa glasi tano, Yerevan

Wakuu, niliuliza divai ipi ya Armenia iende na chakula kipi kwenye mlo wa glasi tano. Ushauri wenu umefanya kazi, ahsanteni sana.

Mlioniambia niombe mililita 75 kila glasi mlikuwa sahihi: tano ni 375, nusu chupa kamili, na ulimi unabaki na akili hadi mwisho.

Voskehat, divai nyeupe, iliendana vizuri na ishkhan, samaki wa Ziwa Sevan, ikiwa nyuzi 10 hadi 12. Ikiwa baridi zaidi ya hapo, harufu inajifunga.

Areni ndiyo ya kuangalia kwa makini. Ni nyekundu ya mkoa wa Vayots Dzor, nyepesi, yenye ukali wa cheri na pilipili manga, na huo ukali ndio unaokata mafuta ya khorovats, nyama choma ya Kiarmenia, ya nguruwe. Ikiletwa na joto la chumba, pombe inapanda puani na tunda linapotea. Omba ndoo ya maji na barafu, dakika 10 tu, ifike nyuzi 15 hivi.

Kosa lilikuwa basturma, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi na viungo, pamoja na divai nyekundu iliyokaa kwenye pipa la mwaloni. Chumvi na uwatu wa ile nyama viliifanya divai iwe chungu kabisa. Ibadilisheni divai hiyo kwa Voskehat au rozi (divai ya rangi ya waridi) kavu, isiyo na utamu.

Divai iliyochachushiwa kwenye karas, mitungi ya udongo, iwekeni kwa ajili ya tolma, majani ya mzabibu yaliyojazwa nyama na wali. Hapo mtindi wenye kitunguu saumu unaoliwa na tolma uwe kidogo sana.